Barua ya wazi kwa viongozi wa Kilimanjaro: onyo la mvua lifuate mto

Kwa: Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro, Mkuu wa Wilaya ya Moshi, Wakurugenzi wa Manispaa ya Moshi na Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, pamoja na Bodi ya Maji Bonde la Pangani.

Nakala: Mamlaka ya Hali ya Hewa, TARURA na TANROADS (wakala za barabara), na wenyeviti wote wa vijiji na mitaa iliyo kando ya mito yetu.

YAH: KUPASHANA HABARI ZA MAJI KUTOKA MLIMANI HADI KAHE KABLA YA MASIKA

Waheshimiwa, salaam.

Masika yanakaribia. Naandika nikiwa mkazi wa Msaranga, na ombi langu ni moja tu. Siku mvua kubwa inapopiga Uru, Kibosho au Old Moshi, watu wa Chekereni, Mabogini na Kahe wapate habari kabla maji hayajawafikia. Mengine yote humu ni maelezo ya ombi hilo.

Naomba nianzie mbali kidogo. Kwenye makundi yetu ya simu hapa mjini kumekuwa na gumzo la "mto wa angani" unaoelekea pwani ya milima huko magharibi mwa Amerika Kaskazini, ukitishia kuleta mafuriko na kuyeyusha theluji. Wengine wameusambaza kwa mshangao, wengine kwa utani, na haikupita muda mtu akauliza: na sisi tulio chini ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, je? Barafu ikiyeyuka ghafla si tutasombwa wote? Swali hilo si la kuchekwa. Limenifanya nitafute jinsi mambo yanavyokwenda kule, na nilichokikuta kinatuhusu kuliko nilivyotarajia, ingawa hakituhusu pale tunapodhani.

Mto wa angani ni ukanda mrefu na mwembamba wa hewa iliyojaa mvuke, unaosukumwa na upepo kutoka kwenye bahari ya joto. Upana wake ni kilomita mia chache, urefu unaweza kupita kilomita 2,000, na wataalamu wa Marekani wanakadiria kwamba ule wenye nguvu hubeba mvuke unaolingana na mara 7.5 hadi 15 ya maji yanayomwagwa baharini na mto Mississippi. Ukiwa bado baharini haumdhuru mtu. Kazi inaanza unapokutana na milima. Hewa inapanda, inapoa, inamwaga. Na kwa sababu imetoka kwenye joto, mvua inanyesha hadi kwenye vimo ambako kwa majira yale ingeanguka theluji. Inaikuta theluji iliyokwisha kulala pale, inaiyeyusha, na maji ya mvua na ya theluji yanashuka kwa pamoja.

Hilo la theluji sisi halituhusu. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika takriban kilomita za mraba 12. Vipimo vya mwaka 2011 vilikuta chini ya 2. Tena sehemu kubwa ya barafu hiyo haiyeyuki ikawa maji ya mto. Inageuka mvuke moja kwa moja kwa jua kali na hewa kavu ya kule juu. Kwa hiyo anayesimama kwenye mkutano wa hadhara na kusema mafuriko ya Kahe yanatoka kwenye theluji ya Kibo anaisingizia Kibo bure. Maji yetu yanatoka msituni. Kwenye mteremko wa kusini, kimo cha mita 2,000 na kitu, mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, zaidi ya mara mbili ya tunayoipata hapa mjini. Upepo wa unyevu kutoka Bahari ya Hindi unaupanda mlima wetu na kumwaga, kama ule wa Pasifiki unavyofanya kwenye milima ya kwao. Tofauti ni kwamba wao wana safu ndefu ya milima mbele ya bahari, sisi tuna mlima mmoja uliosimama peke yake na sote tumejipanga miguuni pake.

Tunachofanana nao zaidi ni kitu kingine, na ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Novemba 2021 mto wa angani uliipiga British Columbia, jimbo la magharibi mwa Kanada. Mji wa Hope ulipata zaidi ya milimita 200 za mvua ndani ya siku chache. Barabara kuu na reli zinazounganisha Vancouver na sehemu nyingine za nchi zikakatika. Mji mzima wa Merritt ukahamishwa, watu wapatao 7,000. Hii ni nchi tajiri, yenye setilaiti, rada na wahandisi wa kila aina, na mvua ile ilitabiriwa. Mfumo wa kutuma onyo kwa wakati mmoja kwenye kila simu ya mkononi walikuwa nao. Serikali ya jimbo haikuutumia kwa mafuriko yale, na ililaumiwa sana kwa hilo.

Kuna na jambo la pili. Bonde la Sumas, karibu na Abbotsford, lilifunikwa na maji, na sehemu ya maji hayo hayakuwa ya Kanada. Mto Nooksack, ulio Marekani, ulifurika karibu na mji wa Everson, ukaacha njia yake, ukavuka mpaka kuelekea kaskazini na kuingia mashambani mwa watu wa nchi nyingine. Haikuwa mara ya kwanza. Novemba 1990 ulifanya hivyohivyo. Waliolala usingizi upande wa Kanada walimtegemea mtu wa nchi jirani awaambie mto wake umefika wapi.

Sasa tuje nyumbani, maana sisi tunao mpaka wa namna hiyo bila kuvuka nchi yoyote.

Chukueni mto Rau. Unaanzia msituni, ndani ya Hifadhi ya Taifa. Unashuka Uru, ambako ni Halmashauri ya Wilaya ya Moshi. Unaingia Manispaa, halafu unatoka na kurudi tena kwenye Halmashauri ya Wilaya kwa upande wa tambarare, kwenye mpunga wa Chekereni na mashamba ya Kahe. Mwisho, pamoja na maji ya Karanga, Weruweru na Kikafu yanayopita upande wa pili, unaishia Nyumba ya Mungu, bwawa linalopakana na Mwanga na Simanjiro, na Simanjiro tayari ni mkoa mwingine. Kutoka kilele cha mita 5,895 hadi Kahe yenye mita 700 na ushee ni umbali usiofika kilomita 60 ukipima kwa mstari ulionyooka. Maji hayachelewi kwenye mteremko kama huo. Karatasi inachelewa.

Mtu wa Kahe anaweza kufurikiwa siku ambayo kwake hapajadondoka hata tone. Usiku mlima umefunga, juu kumenyesha mpaka alfajiri, asubuhi kwake jua linawaka, anapeleka ng'ombe mtoni, na mto unakuja mwekundu na magogo ndani yake. Waliokuwa Uru walijua tangu saa nane za usiku. Waliisikia mvua kwenye mabati, wakausikia na mto wenyewe ukigongana na mawe. Hawakumwambia mtu kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia wamwambie nani.

Mamlaka ya Hali ya Hewa inafanya kazi yake, na nasema hivyo bila kujipendekeza. Inatoa angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa kwa rangi zake, na inasema kiwango: mvua kubwa ni ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Ila taarifa ikifika kwetu inasomeka "baadhi ya maeneo ya mikoa ya Kilimanjaro, Arusha na Manyara". Mama wa Chekereni afanye nini na sentensi hiyo? Ahame? Avune mpunga ambao haujaiva? Kwa utabiri wa siku nzima unaoenda mikoa mitatu hawawezi kusema zaidi ya hapo, na sioni sababu ya kuwalaumu. Kipande kinachokosekana ni cha kwetu: kuigeuza tahadhari ya mkoa iwe taarifa ya mto huu, kwa kijiji hiki, saa hizi.

Milimita 50 zinasikika ndogo, kina cha vidole viwili vitatu. Zikidondoka juu ya kilomita moja ya mraba ni mita za ujazo 50,000, yaani malori 5,000 ya maji ya lita 10,000 kila moja. Udongo wa msitu utakunywa sehemu yake kama haujashiba. Mwishoni mwa Aprili huwa umeshiba.

Gharama ya kutojua tumeiona, na hatuhitaji kwenda Kanada kuitafuta. Novemba 2009 mlima uliporomoka kijijini Goha, wilayani Same, ndani ya mkoa huuhuu, ukaua zaidi ya watu 20. Tarehe 3 Desemba 2023, asubuhi, tope lilishuka kutoka mlima Hanang hadi Katesh na vijiji jirani na kuua zaidi ya watu 80. Aprili 2024, jirani zetu wa Arusha walipoteza watoto baada ya gari la shule kusombwa na maji kwenye korongo. Tarehe 25 ya mwezi huohuo Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini na kuathiri kaya zaidi ya 51,000.

Naliweka mbele hilo la gari la shule kwa makusudi. Korongo lile halikutokea siku ile. Dereva alikuwa na ratiba, watoto wana vipindi, na hakukuwa na mtu aliyesimama pale mwenye mamlaka ya kusema leo hapapitiki. Hapa kwetu vivuko vya namna hiyo tunavijua kwa majina. Naomba kila kivuko kinachofunikwa na maji kiwe na mtu wake, mgambo au kijana wa pale jirani anayelipwa posho ya msimu, mwenye kamba, tochi na ruhusa ya maandishi ya kufunga njia. Ruhusa ya maandishi ni muhimu. Bila hiyo atatukanwa na kila bodaboda na kila mwenye gari kubwa anayeamini gari lake linaogelea. Pakiwekwa na nguzo yenye alama za sentimita, kila mtu ataona mwenyewe maji yamefika wapi na ubishi utapungua.

Sambamba na hilo, Mkuu wa Wilaya awe na utaratibu wa kutangaza jioni, kabla ya saa mbili usiku, kwamba kesho shule za kata fulani hazifunguliwi. Wazazi wa Moshi tutalalamika kidogo, halafu tutashukuru.

Narudi kwenye habari yenyewe ya maji, maana hapo ndipo pana kazi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ina watu tayari.

Kule juu wapo wazee na kamati za mifongo, mifereji yetu ya asili ya kumwagilia. Hawa wamekuwa wakiangalia mito ya mlima huu kabla ya bodi yoyote kuundwa, kwa sababu toma la mfongo, pale mfereji unapochukua maji mtoni, limejengwa kwa mawe, matawi na tope, na mto ukijaa linakwenda na maji. Mzee wa mfongo anajua mto umepanda kwa sababu mali yake iko mtoni. Chini, kwenye skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, wapo wanaofungua na kufunga banio, lango la maji ya skimu, kila siku. Katikati zipo jumuiya za watumia maji. Hawa wote wanautazama mto uleule, ila nijuavyo mimi hawana namba za simu za wenzao. Mzee wa Uru ana namba ya mwanawe aliye Dar es Salaam. Ya msimamizi wa banio la Rau hana.

Ninachoomba ni daftari la mto. Mto mmoja, orodha moja. Kwa kila mto mkubwa wateuliwe watu wawili juu, wawili mjini na wawili au watatu chini, wa jinsia zote mbili, maana ikifika saa nane za usiku mama ndiye anayeamka kwanza mtoto akilia. Walio juu wapewe kipima mvua, chombo kisichozidi bei ya ndoo nzuri, na rula iliyochorwa kwenye nguzo ya daraja. Wakubaliane viwango viwili tu: kikifika hapa nakupigia ujiandae, kikifika pale nakupigia mtoke. Anayepigiwa chini naye ana wake wa kuwaamsha. Vipaza sauti vya misikiti vipo, kengele za sharika na parokia zipo, redio za hapa mjini zipo na watangazaji wake wanapatikana. Ujumbe wa maandishi peke yake usitegemewe, mtu aliyelala hasomi ujumbe.

Na wawekewe salio. Nalitaja hilo la salio kwa sababu mipango mizuri ya nchi hii imewahi kufia hapo: mwenyekiti anajua, simu anayo, vocha hana. Namba moja ya bure kwa msimu wa masika, au fungu dogo la muda wa maongezi linalotoka halmashauri kila mwezi kuanzia Machi hadi Mei, ni kiasi kinachotumika kwenye chai ya kikao kimoja. Umeme nao hukatika mvua ikichafuka, kwa hiyo ongezeni betri ndogo ya jua ya kuchajia simu.

Nyumba ya Mungu iwemo kwenye daftari hilo. Panapokusudiwa kufungua maji bwawani, wanaoishi na kuvua chini yake waambiwe saa, na walio juu yake waambiwe kina kimefika wapi, kwa sababu bwawa likijaa mito inayoingia inakosa pa kwenda na maji yanarudi mashambani.

Nani aongoze? Swali hili ndilo linaloua mambo. Halmashauri ya Wilaya itasema sehemu iliyojengwa ni ya Manispaa, Manispaa itasema maji yametoka kwa jirani, na wote watasema mito ni ya Bodi ya Bonde. Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, mamlaka yako inaushika mto Rau kuanzia Uru hadi Kahe bila kuvuka mpaka wa mtu. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa, mkoa na wilaya hadi kijiji. Hakuna sheria mpya inayohitajika. Kinachohitajika ni kamati ya mkoa kuziagiza zile za vijiji zikutane kwa kufuata mto: kijiji cha juu kikae meza moja na kijiji cha chini, hata kama kati yao pana manispaa nzima.

Kuhusu mitaro nitasema machache, kwa kuwa kila mtu anaisema. Moshi tumesifiwa kwa usafi na tunajisifu wenyewe. Lakini chupa na mifuko isiyoonekana barabarani haijapotea. Mingi iko kwenye makaravati, inangoja Aprili. Yazibuliwe Februari, na tope linalotolewa lisiachwe ukingoni mwa mtaro, kwa sababu mvua ya kwanza hulirudisha lilikotoka.

Kuhusu mita 60 nitasema kwa uangalifu zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wengi wamejenga ndani yake, na si wote ni wakaidi. Wengine waliuziwa viwanja kwa karatasi zenye mihuri, mashahidi wakaweka sahihi, na hakuna aliyewaambia neno mpaka siku ilipochorwa X nyekundu ukutani. X hiyo haimwambii mtu aende wapi, wala haimwamshi usiku. Suala la nani ahame na alipwe nini lina miaka mbele yake, na litapita kwenye mahakama na vikao. Masika hayatangoja. Kwa wakati huu nyumba zenye X ndizo ziwe za kwanza kwenye orodha ya kupigiwa simu. Nasisitiza hilo kwa sababu naogopa kinyume chake, kwamba aliyewekewa alama ataonekana amekwisha kuonywa.

Mahali pa kukimbilia napo pajulikane mapema. Kwa kila kijiji cha tambarare itajwe shule, kanisa au ghala lililo mahali pa juu, na nani ana ufunguo wake. Nasema ufunguo kwa maana yake halisi, ule wa kufuli. Pawe na vyoo vinavyotosha na dawa ya kutibu maji, kwa kuwa mafuriko yakipita kipindupindu hakichelewi kubisha hodi.

Waheshimiwa, siombi rada wala setilaiti. Wanaozihitaji kwa ukanda wa mvuke wa kilomita 2,000 wanazo, na Novemba 2021 zilifanya kazi yake vizuri, kisha habari ikakwama kati ya ofisi na mtu aliyelala. Sisi vyombo vyetu ni vichache, lakini kati ya mtu wa juu na mtu wa chini pana saa kadhaa ambazo maji yanatupa bure.

Naomba mambo matatu yafanyike kabla Machi haijaanza. Kikao kimoja cha vijiji vya mto Rau, juu na chini, kiitishwe na Mkoa; kikifanikiwa, Karanga na Weruweru zifuate. Majina ya walioteuliwa na namba zao za simu yabandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi zote za kata kando ya mto, zikiwemo za Manispaa. Na siku moja ya Februari, mchana kweupe, lifanyike jaribio: mtu wa Uru apige simu, na tupime dakika ngapi zinapita kabla kengele haijalia Kahe. Matokeo yasomwe redioni, hata yakiwa ya aibu.

Kama kikao kitahitaji mtu wa kuandika kumbukumbu, niko tayari kuifanya kazi hiyo bila posho.

Wasalaam,
Mkazi wa Msaranga, Moshi